Uji wa Nyasi

Lori la nyasi lilifika kwangu Jumanne asubuhi nikiwa nafagia. Lilisimama nje ya lango, limejaa nyasi zilizokatwa vipande na kukunjwa kama mikeka, udongo umeshikana na mizizi, maji yakichuruzika ubavuni. Dereva aliteremka, akanisalimu kwa heshima, akauliza kama hapa ndipo kwa marehemu mwalimu. Nikamwambia ndipo. Akasema ametumwa na kaka mkubwa wa marehemu atandike nyasi kuanzia mlango wa nyumba mpaka kaburini, kazi ya siku mbili, ili zishike mapema na wageni wa ibada ya kumbukumbu wakute mahali pamependeza. Ibada yenyewe ilikuwa imebakiza miezi miwili.

Nilisimama katikati ya lango na ufagio wangu mkononi, nikamwambia lango halitafunguliwa.

"Mama, mimi nimetumwa tu," akasema.

"Najua, na sina ugomvi na wewe. Lakini aliyekutuma ana boma lake, lile pale juu ya ua wa mnyaa. Katandike huko."

Alinitazama, akazitazama nyasi zake zilizokuwa zinaanza kusinyaa kwa jua, akapanda lori. Hakwenda juu. Aligeuza akarudi alikotoka, na kabla ya adhuhuri grupu la familia kwenye simu lilikuwa limewaka. Shemeji yangu alikuwa ameandika kwamba mke wa ndugu yake amefukuza nyasi. Kijana mmoja wa ukoo aliye Nairobi akaweka vikatuni vya kucheka. Mwingine akauliza kama kwa Wakuria hakuoti nyasi. Nilisoma yote, nikajibu sentensi moja: nyasi nitapanda mwenyewe. Kisha nikazima simu nikamalizia kufagia.

Mimi ni Mkuria, mzaliwa wa upande wa Isebania, karibu na mpaka kiasi kwamba utotoni tulisikia majogoo ya Tanzania yakiwika. Mume wangu alikuwa Mjaluo wa hapa, ukitoka Rangwe kuelekea Asumbi. Tulikutana Migori mjini, yeye mwalimu, mimi nauza vitambaa sokoni. Yeye hakujua Kikuria, mimi sikujua Kijaluo, kwa hiyo tulitongozana, tukagombana na tukalea watoto kwa Kiswahili. Sasa Kijaluo nakizungumza kama yeyote hapa, ila nikikasirika Kiswahili ndicho kinachonijia. Bomani waliniita Nyar Kuria, binti wa Kuria, tangu siku niliyoolewa, na wengine wakilitamka unasikia kabisa kwamba wanamaanisha mgeni.

Mume wangu alifariki mwaka juzi. Watoto wetu ni wakubwa, kila mmoja ana kazi yake mbali. Miezi michache baada ya mazishi shemeji alikuja na wazee wawili kuzungumzia mila ya mjane kurithiwa. Niliwaandalia chai, nikawasikiliza mpaka mwisho, halafu nikawaambia kwamba nyumba yangu haina nafasi wazi. Wazee wale waliaga bila kununa. Shemeji alinuna, na tangu hapo kila kitu baina yetu kikawa mashindano: ua, ghala, ng'ombe, hata njia ya kwendea kisimani.

Lakini kusema kweli hata mimi nilitaka nyasi, na nilizitaka kumshinda yeye. Mazishi ya mwalimu yaliua uwanja wetu. Watu walikuja kwa siku nyingi, mahema yakasimamishwa, malori ya kuni na maji yakaingia mpaka mlangoni, na miguu isiyohesabika ikakanyaga pale pale. Walipoondoka, udongo ulikuwa mgumu kama sakafu. Kwetu ni mteremko. Maji ya mvua hutoka kwa shemeji juu, yakapita kwangu, yakaishia kwa mama mkwe chini. Zamani nyasi za kienyeji ziliyapunguza kasi, sasa hapakuwa na kitu cha kuyazuia. Masika ya kwanza baada ya mazishi yalikwangua ule udongo mwekundu kama mtu anayekwangua sufuria, na asubuhi moja nikakuta ubavu wa chini wa kaburi umelika. Saruji ilibaki ikining'inia. Nilipiga magoti nikaingiza mkono chini yake, ukaingia mpaka kiwiko. Nilikaa hivyo kwa muda, mkono wangu mle ndani, kwenye baridi. Sikulia. Nilitafuta mawe na udongo wa kichuguu nikashindilia, nikijua nimeziba tu, sijatibu.

Kwa hiyo shemeji aliposema ataleta nyasi za kutandika, nilimkatalia mara mbili kabla lori halijaja. Alidhani ni kiburi. Kiburi kilikuwepo, sikatai. Lakini kulikuwa na jambo nililolijua na yeye hakulijua, na nililijifunza barabarani.

Wakati barabara ya huku inatiwa lami nilifanya kazi ya bendera kwa karibu miaka miwili. Nyekundu simama, kijani pita. Unasimama juani kutwa, unatukanwa na madereva, na unaona kila kitu. Mahali pamoja kilima kilikuwa kimekatwa, ukingo umebaki wazi, na wakubwa walikuwa wanakuja kukagua. Zikaletwa nyasi za vipande, zikatandikwa kwa siku tatu, wakubwa wakapita wakasifu. Mvua mbili baadaye vile vipande vilianza kuteleza kimoja baada ya kingine kama utandu wa maziwa, maana mizizi ilikuwa imebaki kwenye udongo iliokuja nao, haijashuka kwenye udongo wa pale. Tulivizoa kwa koleo katikati ya barabara.

Ndipo likaja lori lenye tangi na mpira mnene. Ndani ya tangi kulikuwa na maji, mbegu za ukoka, mbolea, karatasi zilizosagwa na gundi, vyote vinakorogwa mpaka vinakuwa uji wa kijani. Fundi alipanda juu akaelekeza mpira kwenye ukingo, uji ukaruka ukang'ang'ania udongo kama plasta. Sisi wa bendera tulicheka. Tulisema sasa serikali inapaka vilima rangi. Baada ya siku kumi na kitu ukingo ukaota manyoya. Miezi michache zaidi, watu walikuwa wanachunga mbuzi pale na udongo haukushuka tena. Ukingo ule uko mpaka leo. Nikipita naugeukia.

Yule fundi alikuwa mtu wa Rongo, mnyamavu, aliyezoea kula peke yake kivulini mwa tangi. Nilikuwa nikimuuliza maswali wakati wa chakula cha mchana, naye akinijibu kwa kirefu, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza. Namba yake nilikuwa nayo bado. Jioni ya siku ile ya lori nilimpigia.

"Mama Bendera," akasema kabla sijajitambulisha.

Nilimweleza habari yote, mpaka ya mkono wangu chini ya saruji. Akasema lile lori la tangi liliondoka na mkandarasi, na kulipata tena ni ndoto.

"Lakini ile kazi si uchawi," akasema. "Ni kukoroga, kusukuma na kurusha. Kama una tangi na pampu, na una watu wa kukoroga bila kupumzika, mimi nakuja."

Tangi nilikuwa nalo, lile la plastiki la kukingia maji ya mvua. Pampu niliazima kwa mwenzangu wa chama anayemwagilia nyanya kando ya ziwa. Chama chetu ni cha akina mama tisa, na nilipowaambia nahitaji watu wa kukoroga uji wa nyasi walitazamana, kisha mkubwa wao akasema wamewahi kukoroga uji wa matanga mia, huu hautawashinda. Mbegu ndiyo iliyosumbua. Mwenye agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, Homa Bay mjini aliniambia watu wa huku huung'oa ukoka, yeye hajawahi kuona mtu akiununua. Aliniagizia Nairobi, na mbegu zilipofika akafungua mfuko yeye mwenyewe, akazimimina kiganjani na kuzipuliza, aone kama kweli ni mbegu au ni vumbi.

Gundi, fundi alisema, inaweza kuwa unga wa muhogo ukipikwa uji mwepesi. Muhogo ni chakula chetu kwetu. Dada yangu wa Isebania alinitumia magunia bila kuuliza ni wa nini, na mimi sikumwambia mapema, kwa sababu dada yangu hapendi chakula kichezewe. Rangi ya kijani nilinunua ile ya kutilia katani za vikapu. Rangi hailishi nyasi, inamwonyesha tu mwenye mpira mahali palipobaki.

Ikabaki karatasi. Marehemu hakuwahi kutupa gazeti maishani. Yalikuwa chini ya kitanda, juu ya kabati, ndani ya masanduku mawili ya bati, yamefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka, pamoja na madaftari yake ya maandalio ya masomo na karatasi za mitihani za watoto ambao sasa wana watoto wao. Alikuwa akisema ipo siku zitahitajika. Tuligombania karatasi hizo maisha yetu yote ya ndoa. Nilitoa magazeti tu, na si yote. Madaftari sikuyagusa. Tuliyaloweka magazeti kwenye mapipa siku tatu, tukayatwanga kwenye kinu mpaka yakalainika.

Shemeji alitukuta tunatwanga. Alisimama kando ya ua, mikono nyuma.

"Shemeji, unatwanga karatasi za ndugu yangu?"

"Natwanga magazeti ya mume wangu," nikamjibu. Sikuinua mchi kwa nguvu zaidi wala sikuushusha kwa upole.

Alitikisa kichwa. Alisema mtu akifa vitu vyake vinaheshimiwa, na kwamba nyasi mbele ya nyumba ya mwanamke peke yake huleta nyoka. Halafu akatoa onyo ambalo ndilo alilolijia: nisije nikachimba chochote chini ya ua wake.

Alikuwa amesikia. Fundi alipokuja mara ya kwanza kukagua, aliutembea mteremko wote, akasema kitu cha kwanza ni mtaro, pale juu kabisa unapoanza uwanja wangu, ukinge maji na kuyazungusha pembeni. Mtaro huo ungepita mguuni mwa ua wa shemeji. Nami, baada ya kufukuza lori mbele ya kijiji kizima, hapo nikalegea. Nilikuwa nimechoka kugombana. Nilimwambia fundi tuanze bila mtaro.

"Maji hayana adabu, Mama Bendera," akasema. Lakini hakubishana nami.

Tulilima uwanja kwa jembe la meno, kwa sababu jembe la kawaida lilikuwa linadunda. Tukatoa mawe, tukavunja madongoa, tukamwaga samadi, tukasawazisha kwa reki tukipita kukingamana na mteremko ili vijifereji vilale. Siku ya kurusha, akina mama walizunguka tangi wamejifunga leso, wawili wawili wakipokezana mti wa kukorogea. Ukiacha kukoroga, mbegu zinakwenda chini na mpira unarusha maji matupu. Mdomo wa mpira fundi alikuwa ameutengeneza mwenyewe, bomba la plastiki aliloliyeyusha kwa moto akalibana likawa bapa. Karatasi iliuziba kila baada ya dakika chache. Anazima pampu, anachokoa kwa msumari, anawasha. Uji uliruka ukatua, kijani cha ajabu juu ya udongo mwekundu, na wapita njia walisimama langoni wakiuliza kama tunapaka rangi boma. Mimi nilijibu ndiyo.

Siku ya pili yake ilinyesha. Haikuwa mvua kubwa. Nilisimama mlangoni nikaona maji yakitoka chini ya ua wa mnyaa kwa upana, yakiingia juu ya uwanja wangu, yakiinua ule uji kama mtu anayevuta shuka kitandani. Mbegu, karatasi na rangi viliteremka vyote mpaka kwa mama mkwe. Mvua ilipokatika uwanja ulikuwa uchi tena, na barabara yote ya chini kijani. Kufika jioni picha ilikuwa kwenye grupu. Sijui nani aliipiga. Shemeji hakuandika neno lolote chini yake, na ukimya wake ulinikera kuliko maneno.

Siku zilizofuata sikufanya kitu. Nilikwenda kanisani, nikarudi. Nilipika nikala. Niliona aibu, na aibu ile haikuwa ya kuchekwa na watu. Nilijua kwamba mara ya kwanza nilipanda kama mtu anayeomba ruhusa. Karatasi nilitoa nusu, muhogo nilipika mwembamba ili dada asinione mharibifu, mtaro niliuacha ili jirani asikasirike. Yaliyobaki mvua iliyachukua kwa haki.

Siku ya kumi na moja tangu mvua ile mama mkwe alituma mtu aniite. Yeye ni mzee sana, anatembea kwa mkongojo, na anaishi katika boma la zamani chini yangu. Nilishuka nikidhani ni lawama, maana uji wangu ulikuwa umezika sukuma wiki yake. Alinipeleka mpaka kwenye tuta, akaelekeza mkongojo. Katikati ya sukuma wiki, mahali maji yalipotua, ukoka ulikuwa umeota. Mwembamba, mwingi, umesimama wima, kijani cha kweli.

Alisema kwa Kijaluo kwamba mbegu haina makosa, ni maji yanayopita njia mbaya. Nikamwambia najua, lakini njia nzuri iko chini ya ua wa mwanawe na amenikataza. Mama mkwe alinitazama kama mtu aliyesikia jambo la kipuuzi.

"Pale palikuwa na mtaro," akasema. "Mzee wangu aliuchimba mimi nikiwa bi harusi. Huyo mwanangu aliufukia alipopanua ua wake. Nenda ukaufukue."

Hakuishia hapo. Alipanda mteremko pamoja nami, akipumzika kila hatua kumi, mpaka juu. Akatembea kando ya ua akichoma ardhi kwa mkongojo, na mahali fulani mkongojo ukazama. Udongo ulikuwa mlaini, udongo wa kujaziwa. Alichoma tena mbele, ukazama tena. Akatembea hivyo mpaka pembeni, akiacha vishimo kama mtu anayepanda mahindi, na mtaro wa mzee ukawa umechorwa wote.

Nilichukua jembe palepale. Shemeji alitoka, akaja mbio mbio, lakini alipomwona mama yake ameketi juu ya jiwe na mkongojo magotini alipunguza mwendo. Aliniuliza ni nani amenipa ruhusa.

"Sikuomba," nikasema, na nikaendelea kuchimba.

Alimgeukia mama yake. Mama mkwe alimwambia kwamba maji ya juu yanakula kaburi la mdogo wake, na kama haoni ni vizuri avae miwani. Hiyo ndiyo kauli yote aliyotoa. Shemeji akarudi ndani. Niliuchimba mtaro kwa siku nne, mawe ya zamani yakitokea chini kwa mpangilio, jinsi baba mkwe alivyoyapanga, mtu ambaye sikuwahi kumkuta hai.

Mara ya pili sikubakiza kitu. Nilitoa magazeti yote na madaftari pia. Niliyasoma kidogo nikiyachana, siwezi kusema sikusoma. Kulikuwa na mwandiko wake uliolala upande wa kulia, wino mwekundu, "rudia" na "vizuri" pembezoni. Nilibakisha daftari moja la mwaka tuliooana. Mengine yalikwenda kinuni, na nilipokuwa natwanga nilikuwa nikimjibu kwa sauti: ulisema ipo siku zitahitajika, basi siku ndiyo hii. Mmoja wa wenzangu wa chama akanipokea mchi. Dada nilimpigia nikamwambia ukweli kuhusu muhogo. Alilalamika, halafu akatuma gunia lingine. Uji wa gundi niliupika mzito mpaka fundi akasema sasa huu unaweza kubandika bango.

Tulirusha tukipita mara mbili, kwanza kutoka juu, halafu kutoka chini, ili uji ushike pande zote za madongoa. Ulipokauka ulikuwa ngozi ngumu ya kijivu na kijani, kama trei ya mayai. Niliweka matawi ya miiba kuzuia kuku, kwa sababu kuku wa shemeji hawakuwa wamesikia habari ya suluhu yoyote. Nilimwagilia kwa ndoo yenye matundu asubuhi, mchana na jioni, maji kidogo kidogo, sitaki yatiririke. Mvua ikaja siku ya sita. Nilisimama nje nikilowa, nikautazama mtaro ukijaa, ukikata kona, ukimwaga pembeni kwenye mashina ya ndizi. Uwanja ulilowa na mvua yake yenyewe tu. Haikuondoka hata punje ya mbegu.

Ukoka ulichomoza siku ya tisa upande wa kaburi, kisha kila mahali. Siku ya ibada ulikuwa na kimo cha kidole, laini kama nywele za mtoto, usioweza kubeba hata kuku mzito. Nilikuwa nimeuzungushia kamba ya katani. Shemeji alifika mapema na watu wa mahema, akawaambia wasimamishe mbele ya nyumba, kama ilivyo desturi, wageni hawawekwi nyuma. Nilimwambia mahema yatakwenda upande wa ghala. Akasema mchungaji hawezi kupitia ghalani. Sauti zilianza kupanda, na watu walikuwa wameanza kufika.

Mama mkwe alikuwa ameletewa kiti. Alikiinua mwenyewe kwa mkono mmoja, akakiweka mbele ya kamba, pale pale watu wangepitia, akaketi na mkongojo wake ukiwa umelala mapajani. Kila aliyekuja akalazimika kumsalimu, na kila aliyemsalimu akaelekezwa kwa mkongojo: pitia ghalani. Mchungaji naye alipitia ghalani. Aliombea familia, akamwombea marehemu, na alipofika kaburini kwa njia ya kando alisimama akautazama ubavu wa chini, ambao sasa ulikuwa umejaa udongo na kufunikwa na kijani. Wageni wengine walilalamika kwamba mandhari haijakamilika, kwamba nyasi za kutandika zingependeza zaidi siku hiyo. Walikuwa na haki. Siku hiyo zingependeza zaidi.

Sasa uwanja umeshika. Naufyeka kila Jumamosi ya pili, na kanisa limeniomba nikawatengenezee ukingo wa nyuma ya kanisa mvua zikianza, mimi, fundi na chama. Shemeji hajawahi kusema neno zuri juu ya nyasi zile, wala sikuwa nangoja. Lakini mwezi uliopita nilitoka asubuhi nikakuta ndama wake amefungwa katikati ya uwanja wangu, kigingi kimepigwa kabisa, anakula kwa raha zake.

Niling'oa kigingi. Nikamshika ndama kamba, nikampandisha mteremko kwa njia ya lango, hatua kwa hatua, maana hakutaka kutoka, na nikamfunga kwenye nguzo ya baraza ya mwenyewe. Shemeji alitoka na kikombe cha chai mkononi. Ndama alikuwa tayari ameanza kula maua ya mke wake.

"Nyasi ni nyingi pale," akasema. "Nilidhani hazitaisha."

"Hazitaisha. Ukitaka za ndama nitakufyekea nikuletee. Lakini kigingi hakipigwi pale tena."

Alikunywa chai. Akasema, bila kunitazama, kwamba ndama anapenda zile changa. Jumamosi nilifyeka, nikajaza gunia, nikalipandisha mwenyewe mpaka kwake. Nikaliweka barazani, nikateremka kwangu.